Shofere na Gari ya Jicho Moja

Wajukuu wangu wanaanza kubishana kuhusu gari za Wajapani kabla hata chai haijachemka. Mmoja anasema ile ndefu ya mlango wa kuteleza inakunywa mafuta kuliko mlevi wa matangani. Mwingine anasema ile fupi ya teksi haifi hata ukiizika. Wa tatu, ambaye hana hata baiskeli, anajua bei ya kila kipuri kilichoko Goma. Nawasikiliza nikiwa nimechoka, na kila mara namkumbuka mtu yule yule. Yeye ndiye wa kwanza niliyemsikia katika milima hii akisema kwamba Wajapani wanajua kutengeneza gari, na watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Vita vile vikubwa vilikuwa vimeisha juzi tu. Katika barabara yote ya Masisi hadi Walikale hukuona gari ya Mjapani hata moja. Zilikuwa za Wamarekani na za Wangereza, na nyingi zilikuwa zimezeeka kabla ya kutufikia.

Jina lake sitalitaja, kwa sababu hata enzi zile hakuna aliyelitumia. Alikuwa Shofere. Mashofere walikuwa wengi, lakini ukisema Shofere bila kuongeza neno, mtu wa Masisi alijua unayemsema, na wa Itebero pia. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimjua nikiwa nimekaa juu ya magunia ya maharagwe nyuma ya kamio yake, lori la mizigo, miaka kumi na zaidi. Nusu ya miaka hiyo nilimjua kwa hofu. Kulikuwa na jambo moja alilolijua yeye peke yake: kwamba mafuta yaliyomuua kaka yangu Paulo yalitoka katika bido langu, dumu nililobebea mafuta ya kuuza. Kila nilipopanda kamio yake niliwaza, leo atafungua mdomo, na mama yangu atasikia. Nitafika huko. Nianze na magari, maana mwenyewe asingekubali kuanza na kitu kingine.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea kama mtu mwenye kinyongo na barabara. Watu walimletea gari kama mama anavyompelekea mganga mtoto. Mfanyabiashara akitaka kununua kamio, mwalimu wa misioni akipata pikipiki kuukuu, hata mzungu fulani wa shamba la kahawa, wote walimtafuta. Yeye hakufungua boneti haraka. Alizunguka gari mara moja, akamwomba mwenyewe awashe, kisha akaenda hatua ishirini na kuipa mgongo.

"Uso ya gari inadanganya," alikuwa akisema. "Sauti haijue kudanganya."

Akisha kusikiliza alirudi na kuuliza jambo moja tu: freni. Watu walipenda kumwambia gari inakimbia namna gani, na yeye aliwakata. "Kukimbia, hata jiwe inakimbia, uitupe tu ku mulima. Uniambie inasimama namna gani."

Maoni yake juu ya magari yalizunguka barabara nzima, na hata sisi wanawake wa maharagwe tuliyakariri bila kujua maana. Kamio ya Wamarekani, alisema, ni shemeji tajiri: inafika na kelele, inakula chakula cha wote, lakini siku ya msiba ndiyo inabeba kila mtu. Ya Wangereza ni mzee wa baraza, asubuhi ya baridi haiamki mpaka uibembeleze, na ikiamka inataka kila mtu ajue kwamba imeamka. Tulicheka. Yeye hakucheka. Kwake hayo hayakuwa mzaha, yalikuwa ushahidi.

Na ushahidi huo ulimfukuzisha kazi. Mzungu wa shamba aliyekuwa akimwajiri wakati ule alitaka kuuza kamio kuukuu kwa mfanyabiashara wa Masisi. Alimwagiza Shofere aisifu. Mfanyabiashara akaja amevaa koti la Jumapili, akamvuta pembeni.

"Papa Shofere, hii kamio iko muzuri?"

"Iko muzuri ya kubeba kuku," Shofere akajibu, na mzungu amesimama pale pale anasikia. "Ukiweka maharagwe, itakuzika."

Kesho yake alikuwa hana kazi. Alikaa Mubi, huko chini kwenye joto tulikouza maharagwe, miezi miwili akitengeneza pikipiki za watu kando ya barabara, amekonda, mpaka duka moja la watu wa migodi lilipomchukua. Siku moja nilimuuliza kama hajutii. Tulikuwa tumekwama kwenye tope, kwa hiyo alikuwa na muda wa kunijibu.

"Dada, muntu anaweza kudanganya juu ya umri yake. Anaweza kudanganya juu ya bibi yake. Juu ya gari, hapana. Ndani ya gari muko bantu."

Hakuwahi kusema uongo juu ya gari. Hilo naweza kuliapia, na waliomchukia wangeapa pia.

Sasa hiyo ya Wajapani. Wakati wa vita alichukuliwa na jeshi, akapelekwa pamoja na waganga wa jeshi ng'ambo ya bahari mpaka Burma, ambako yeye alikuita Birmani. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari ya majeruhi. Alisema kule ni kama Walikale, msitu, mvua, tope na mbu, tofauti ni kwamba huku nyani hawakurushii mabomu. Wajapani walipokuwa wanarudi nyuma waliacha kamio moja katikati ya msitu. Shofere na wenzake wawili waliikuta imezama mpaka kwenye ekseli.

Ilikuwa na taa moja tu mbele. Mwanzoni walifikiri nyingine imevunjika, wakatafuta mahali ilipokuwa, wakaona hapakuwahi kuwa na kitu. Iliundwa na jicho moja. Kiti kilikuwa ubao. Freni zilikuwa kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Wenzake walicheka, wakasema hii si gari, hii ni sanduku la maiti lenye usukani. Shofere alisafisha mrija wa mafuta, akafunga waya hapa na pale, akazungusha mkono wa chuma wa kuwashia injini mara tatu, na ikawaka.

"Ikawaka!" Aliposimulia hapo aliinua mikono miwili, na kamio yetu ikapepesuka, na sisi huko nyuma tukapiga kelele. "Muko munasikia? Ndani ya maji siku ngapi, na ikawaka!"

Wasikilizaji wake hawakuwa na heshima. Kantonye mmoja, mfanyakazi wa barabara aliyekuwa akifyeka karibu na Ntoto, alimuuliza kama hao Wajapani wenyewe pia wana jicho moja. Shofere akamgeukia.

"Wewe unacheka. Muntu mwenye kutengeneza gari wakati hana chuma, hana taa, hana kitu, na gari inatembea, siku atapata chuma utamuona. Watoto yako watapanda gari yake."

Watu wakacheka zaidi. Kwa miaka mingi, mtu akitaka kumtania alifunga jicho moja akipita mbele ya kamio yake. Na yeye mwenyewe hakuwapenda Wajapani, hapo ndipo nilipomshangaa zaidi. Walimuulia rafiki yake ndani ya hema la wagonjwa. Akinywa kasiksi, pombe ya ndizi, aliwalaani mpaka machozi yakamtoka, na kesho yake asubuhi, kichwa kikimuuma, alirudia kwamba injini yao ilikuwa injini ya kweli. Nilimwambia achague moja. Akaniambia chuki ni ya watu, injini haina kosa.

Hakujua kusoma, kwa hiyo hakuwahi kujua jina la waliounda kamio ile. Juzi mjukuu wangu mmoja alinisomea habari za kampuni moja ya huko, ile ambayo jina lake limebandikwa mbele ya nusu ya magari ya Goma. Anasema walianza na mashine za kufuma nguo. Mtoto wa mwenye mashine akapenda magari. Wakati wa vita walitengeneza kamio za jeshi, na chuma kilipopungua wakapunguza vitu, hata taa ikabaki moja. Baada ya vita nusura wafunge milango. Hapakuwa na mishahara ya kutosha, wafanyakazi wakagoma, na yule aliyeianzisha akajiuzulu kwa kubeba lawama. Ndipo vita vingine vikazuka jirani, huko Korea, Wamarekani wakaagiza kamio kwao, na kampuni ikafufuka. Mjukuu alisoma hayo kwa furaha, kama hadithi ya timu iliyofunga bao dakika ya mwisho. Mimi nilimfikiria yule aliyejiuzulu. Labda kamio ya jicho moja ilikuwa yao, labda ya wengine. Shofere hayupo wa kuulizwa.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Alitutukana sisi wanawake kuanzia Masisi mpaka Mubi, kwamba magunia yetu yanavunja springi zake, kwamba tutamuua. "Banyinyi bamama mutanimaliza!" Lakini akimwona mwanamke peke yake barabarani na mzigo kichwani, alisimama, hata kama kamio imejaa mpaka juu. Kanisani alionekana Noeli na Pasaka tu, na bado hakugusa usukani bila kufanya ishara ya msalaba, mara mbili kama siku ilikuwa na mvua. Hakuogopa bonde lolote, na aliogopa kila daraja. Kwenye madaraja yale ya miti alitushusha wote, akatangulia kwa miguu, akapiga kila gogo teke, ndipo akavusha kamio polepole huku sisi tukivuka nyuma yake na watoto mgongoni. Siku ya madaraja mengi tulifika Mubi miguu imevimba, tukimnung'unikia. Alikuwa anachukia kutembea kuliko kitu chochote, na alitembea juu ya kila daraja.

Tulikuwa tumechoka wakati wote. Hilo vijana hawalielewi wakiniuliza habari za zamani. Wanataka niwaambie habari za wazungu na za uhuru. Mimi nakumbuka uchovu. Tulilima kwenye mteremko, tukavuna, tukaanika, tukabeba maharagwe mpaka barabarani, tukasubiri kamio siku nzima, tukateremka kwenye joto kuyauza kwa watu wa migodi, tukanunua mawese, yale mafuta mekundu ya kupikia, tukapanda tena kwenye baridi. Mashofere nao hawakulala. Kule kwenye kilele barabara ilikuwa nyembamba, gari mbili hazipishani, kwa hiyo paliwekwa bariyeri, mti wa kufunga njia. Gari za kupanda zilipita kwa zamu na za kushuka kwa zamu, na mlinzi wa juu alimpigia wa chini ngoma kumjulisha kwamba njia iko wazi. Ukichelewa zamu yako, unalala pale pale kwenye ukungu mpaka asubuhi. Ngoma ile ilikuwa ndiyo saa yetu.

Paulo alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, mtoto wa kwanza wa mama. Alijifunza gari misioni na akaajiriwa na shamba moja la huko kwetu juu, Masisi. Alimwita Shofere Papa, akamfuata kwa kila kitu, hata ule mtindo wa kwenda hatua ishirini na kugeuza mgongo. Mama hakupenda kazi ile. Alisema mtoto anayeishi barabarani hafi nyumbani.

Msimu ule wa mvua mlima ulimomonyoka ukafunga njia, na sote tukakwama Mubi siku tatu. Mashofere walishinda na majembe wakisaidia makantonye. Siku ya nne njia ikafunguka na kila mtu akataka kuondoka mara moja. Paulo akagundua kwamba mrija wake wa freni ulikuwa unavuja na mafuta yote yameisha. Mrija aliuziba. Mafuta ya freni hayakupatikana Mubi nzima, alizunguka duka zote.

Shofere alikuwa amelala chini ya kamio yake mwenyewe, miguu tu ndiyo ilionekana. Paulo akachuchumaa kando ya miguu ile.

"Papa, freni imekauka. Nifanye namna gani?"

"Weka mawese." Hakutoa hata kichwa. "Mimi niliweka juma lililopita, nikafika Itebero na kurudi."

"Mawese tu?"

"Mawese. Mpaka upate mafuta ya kweli."

Paulo akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa kivulini na bido langu la mawese kati ya magoti. "Dada, unipe kikombe moja."

Nikampa. Nilimimina mwenyewe, polepole, nisimwage. Mawese yalikuwa mekundu na mepesi kama maji, kwa sababu Mubi ni joto, kama Itebero. Na kila mwanamke wa Masisi anajua mawese yanafanya nini yakifika kwetu. Yanaganda. Kila juma mimi mwenyewe niliweka bido karibu na moto ili yayeyuke kabla ya kupima. Mikono yangu ilijua. Shofere pia alijua, alikuwa amepanda mlima ule mara nyingi kuliko sisi sote. Paulo alizaliwa kule juu. Watu watatu wa baridi tulikuwa pale, na hakuna aliyekumbuka baridi. Ukiwa Mubi unatokwa jasho na umelala vibaya siku tatu, baridi ni habari ya nchi nyingine.

Paulo aliondoka akiimba. Mimi nilibaki kumalizia maharagwe, niliondoka kesho yake asubuhi na mapema na Shofere.

Yaliyotokea tuliyajua baadaye kwa mlinzi wa bariyeri. Paulo alipanda salama, maana kupanda hakutaki freni nyingi. Alifika kileleni zamu ikiwa imefungwa, akalala ndani ya kamio. Baridi ilikuwa na muda wote iliouhitaji. Alfajiri ngoma ya chini ikajibu, bariyeri ikainuliwa, na Paulo akaanza kushuka upande wa pili na magunia ya mchele wa shamba nyuma yake. Mlinzi alisema alimsikia akipiga honi, akashangaa, kwa sababu mbele hapakuwa na gari.

Tulifika saa ya mchana. Makantonye walikuwa wamekwisha kumtoa bondeni na kumlaza juu ya majani ya migomba kando ya barabara. Mimi sikumbuki nilichofanya, wananiambia nilikaa tu. Ninachokumbuka ni Shofere. Aliteremka bondeni peke yake mpaka kwenye kamio, akaingiza mkono mbele, akafungua kichupa cha mafuta ya freni, akatia kidole. Kikatoka na bonge la rangi ya chungwa, gumu kama samli ya asubuhi. Akalitazama. Kisha akainua macho akanitazama mimi, huko juu barabarani. Akafuta kidole kwenye suruali yake, akapanda.

"Simama, dada," akaniambia. "Tumupeleke kwa mama."

Makantonye wakamsaidia kumpakia kwenye kamio.

Fundi wa shamba alikwenda kuichunguza kamio na habari ikafika kijijini: mtu aliweka mawese ndani ya freni. Mama aliishika habari hiyo na hakuiachia. Hakuuliza nani alimshauri Paulo, aliuliza nani alimpa. Mtu wa usukani hatembei na mawese, mama alisema, mawese ni ya wanawake na ya wachuuzi, kwa hiyo kuna mtu alitoa.

"Kila muntu ya hapa anajua mawese inaganda," alisema, na alisema hivyo mbele yangu, mbele ya katekista, mbele ya kila aliyekuja kutupa pole. "Mwenye alimupatia, alimupatia kusudi. Alitaka mutoto yangu afe."

Ningesemaje baada ya hapo? Siku ya kwanza nilishindwa kwa kulia. Juma la pili nilijiambia nitasema baada ya misa ya arobaini. Baadaye mama alianza kukonda na kuwauliza mashofere wote waliopita, mmoja mmoja, amesimama kando ya barabara na fimbo yake: "Ulikuwa Mubi siku ile? Nani alimupatia mafuta?" Kila aliyejibu hajui aliniongezea siku moja ya kuishi. Watu wawili tu hakuwauliza: mimi na Shofere, tuliomleta Paulo nyumbani. Nilimwogopa mama yangu mwenyewe. Niliona aibu ndani ya nyumba niliyozaliwa, na nilinyamaza, mwezi baada ya mwezi, mpaka kunyamaza kukawa kazi kama kulima.

Na maharagwe hayakungoja. Niliendelea kupanda kamio ya Shofere kwa sababu hapakuwa na nyingine yenye nafasi. Alinisaidia kupandisha magunia. Alinitukana pamoja na wengine, kidogo kuliko zamani. Nilikuwa nikimchukia kwa lile neno alilolitoa chini ya kamio bila hata kutoa kichwa, na nilikuwa nikimtegemea asiseme la kwangu. Jaribuni kumchukia mtu ambaye maisha yenu yako mdomoni mwake. Inachosha kuliko mlima.

Yeye aliacha kupima magari. Hilo watu waliliona upesi. Wakimletea kamio alisema, "Sijue." Wakimwomba asikilize tu, hata hatua kumi, alisema masikio yake yameziba. Wakasema ameanza kuringa, wengine wakasema amerogwa. Yule mfanyabiashara wa koti la Jumapili alikuja kutoka Masisi mahsusi, akitaka kununua kamio mpya ya Wamarekani, akambembeleza nusu ya siku. Shofere aliendelea kusugua plagi zake.

"Papa, neno lako tu. Mimi naamini neno lako."

"Usiamini," Shofere akamwambia. "Uangalie na macho yako."

Nilikuwapo. Hakunitazama. Hata habari za jicho moja hakuzisimulia tena, na waliokuwa wakimfungia jicho walichoka wakaacha.

Miaka ya mwisho kabla ya uhuru macho yake yaliingia ukungu. Duka likampa gari lake mtu mwingine, na yeye akahamia Itebero kwa dada yake. Nilipumua. Nasema kweli, nilipumua. Nilidhani amekwenda na siri yetu na sasa nitazeeka kwa amani. Mama naye alikuwa amezeeka, lakini kwenye swali lake hakuzeeka hata kidogo.

Shofere alikuja asubuhi moja wakati wa kupura maharagwe. Mbwa walibweka, nikatoka, nikaona mzee anapanda njia ya kwetu na kijiti, anapapasa mawe. Alikuwa ametoka Itebero kwa miguu. Kamio zilimpita njiani, nilisikia baadaye, na mashofere waliomjua wakasimama, akakataa kupanda. Miguu yake ilikuwa imepasuka. Nilijua amekuja kwa nini.

Mama alimpokea kwa heshima. Shofere ndiye aliyemleta mtoto wake nyumbani, na mama hakulisahau hilo. Akamtolea kiti chenye mgongo, akaniambia nilete maji ya kunawa na chakula. Nilileta bugali na maharagwe na majani ya muhogo, nikamwekea sahani mikononi kwa sababu haoni vizuri. Akanishukuru. Akala tonge moja, akala la pili, ndipo mama akauliza, bila kubadilisha sauti, kama alivyowauliza wote.

"Papa Shofere, wewe ulikuwa Mubi siku ile. Nani alimupatia mutoto yangu mafuta?"

Akaacha kutafuna.

"Ndio kwa hiyo nilikuja, Mama. Mimi ndio nilimwambia aweke mawese. Aliniuliza, na mimi nilikuwa chini ya kamio, nilikuwa nimechoka, nikamwambia weka. Neno ilikuwa yangu."

Nje kuku walikuwa wanapigania punje. Nikafikiri labda itaishia hapo, labda neno litamtosha.

"Neno ni ya kwako," mama akasema. "Nimesikia. Na mafuta? Ile mafuta yenyewe, ilitoka kwa nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji. Shofere aligeuza uso kuelekea mahali nilipokuwa. Sijui aliona nini kwa macho yale, labda kivuli tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, nafasi ile, ningeweza kusema jambo lote mara mbili.

"Ya kwangu," akasema. "Ilitoka ku bido yangu."

"Ulijua inaganda?"

"Nilijua."

Mama akatazama mikono yake, akaokota punje moja ya haragwe mapajani, akaiweka chini. Alionekana ametua mzigo, Mungu anisamehe, uso wake ulilegea kama wa mtu aliyefika. Kisha akasema bila kunitazama:

"Mumuondolee sahani."

Nilidhani sikusikia. Akarudia. Katika nyumba yetu hakuna mgeni aliyewahi kunyang'anywa chakula, hata mwizi.

Nikaweka jagi chini, nikaenda, nikainama mbele yake. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa sahani, na nilipoigusa akaiachia mara moja, akanisaidia hata kuiinua. Akatafuta kijiti chake. Akamwambia mama abaki na amani.

Nilimtazama akishuka, anapapasa mawe. Itebero ni siku nyingi kwa mguu, na alikuwa amekula tonge mbili. Nilibaki mlangoni na sahani yake mkononi mpaka mama akaniambia niwape kuku, nikawapa.